Siku ya Baba, Ghorofa ya Tatu

Desi alinipigia simu Jumanne, mimi nikiwa kwenye foleni ya mkate. Akasema, "Feza, Baba amefariki." Nimeishi na watu hawa miaka mingi na najua vizuri neno hilo lina maana gani kwao, lakini sikio langu ni la Likasi, Kongo. Kabla akili haijafika, moyo ulikuwa umeshamwona baba yangu mzazi, aliyezikwa zamani, akifa mara ya pili. Kisha nikakumbuka. Kwa Wabulgaria baba ni bibi, mama wa mama au mama wa baba. Tena ni mkunga, mwanamke anayepokea watoto wa wenzake. Aliyefariki ni Stanka, mama mkwe wa Desi, huko kijijini kwao alikokuwa amerudi. Nikatoka kwenye foleni bila mkate, nikaenda nyumbani, nikatoa chini ya kitanda madaftari yangu ya mwaka 2011.

Sijui kama mimi ndiye mtu wa kuandika habari hii. Shule niliiachia darasa la sita, na Kiswahili cha kuandika nimekiokota kwenye Biblia na kwenye barua za watu. Kila siku naandika mistari michache, kwa sababu nisipoandika naanza kubishana na mimi mwenyewe juu ya nani alisema nini. Katika madaftari ya mwaka ule kuna kurasa ambazo hazinipendezi. Nitajaribu kujipima kwa kipimo kilekile ninachowapimia wengine.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya Gare du Nord, kituo cha treni cha kaskazini mwa Brussels, upande ule ambao minara ya ofisi inakula jua lote la mchana. Mimi nilikuwa ghorofa ya pili, chumba kimoja na jiko. Wao walikuwa juu yangu, ghorofa ya tatu: Desi, mumewe Plamen aliyefanya kazi ya ujenzi, na huyo mama yake Stanka. Nilisafisha ofisi kwenye ile minara tangu alfajiri, na saa tatu asubuhi nilikuwa nimesharudi, nimekaa na chai yangu, nasikiliza dari. Mtu akikaa peke yake dari inakuwa redio. Nilijua viti vyao vyote kwa sauti. Nilijua Desi anatembea kwa visigino na kwamba mzee anaburuta mguu mmoja. Nilijua pia wanagombana juu ya jambo fulani, ingawa maneno sikuyaelewa, mpaka siku moja Desi mwenyewe aliponieleza kwenye ngazi, tumbo lake likiwa limeshakuwa kubwa. Alisema, "Mama mkwe wangu alikuwa mkunga kijijini. Amepokea watoto hata idadi yao haijui. Lakini umeiona mikono yake, madame Feza?" Nilikuwa nimeiona. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, hata akishika kikombe kitupu. "Nimemwambia Plamen wazi. Mikono ile haitamgusa mtoto wangu. Namheshimu, lakini haitamgusa." Nasema haki: Desi hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mbali na mama yake, na alikuwa anaogopa.

Asubuhi moja ya Machi nilisikia hatua za mguu ule unaoburutwa zikishuka ngazi haraka kuliko siku zote, kisha mlango wangu ukapigwa kwa kiganja kizima. Stanka hakuwa na neno la Kifaransa. Alinishika mkono akanivuta. Juu, Desi alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, uso umeuelekea ukuta, amelala ubavu. Maumivu yalikuwa yamemwanza usiku akayadharau, akamwacha mumewe aende kazini. Niliita gari la wagonjwa. Mwanamke wa kwenye simu alikuwa mpole sana, akasema gari liko njiani, nisikate, niweke simu chini na nimwambie ninachokiona. Nikamwambia naona nywele.

Mimi sijazaa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na nilikuwa nimeshaacha kungoja. Sikuwahi kuona mtoto akitoka. Nilipiga magoti nikafanya alivyosema yule wa kwenye simu, na huyu mzee nyuma ya bega langu akawa anasema, "Taka, taka." Kwetu taka ni uchafu, kwa hiyo nikawa naangalia huku na huku natafuta ni kitu gani kichafu niondoe. Baadaye niliambiwa kwamba kwao ni kama kusema: hivyo, hivyohivyo. Kichwa kikatoka. Rangi yake haikuwa rangi ya mtu hai. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo, kimekaza kama kola ya shati. Kwenye simu sauti ilisema kitu, nikaisikia, nikaielewa, na mikono yangu haikuenda. Niliiangalia. Ilikuwa pale, kwenye hewa, kama mikono ya mtu mwingine. Ndipo Stanka akanisukuma kwa kiwiko, akapitisha vidole viwili chini ya kile kitovu, akakilegeza, akakivusha juu ya kichwa cha mtoto kama mtu anayemvua mwenzake mkufu. Ningependa kuandika kwamba wakati ule mikono yake ilitulia. Ingependeza. Lakini nadhani ilitetemeka vilevile, na ikafanya kazi ikitetemeka. Mwili wote ukafuata kwa mara moja. Stanka akamsugua mgongo kwa taulo mpaka akalia, akamtia mikononi mwangu, akarudi nyuma kwa sababu goti lilikuwa linamuuma. Na hapo watu wa gari la wagonjwa wakaingia, wakanikuta mimi nimemshika. "Bravo, madame," wakasema. Desi akageuza uso kutoka ukutani, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mimi.

Walipowateremsha, tulibaki wawili kusafisha chumba. Stanka alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilimwonyesha mikono yake, nikaonyesha shingo yangu, nikaonyesha mlango alikopitia Desi, kisha nikagusa mdomo wangu: nimwambie? Alinitazama, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, kushoto na kulia, kushoto na kulia. Nikaelewa kwamba anakataa. Niliwaza: anamwogopa mkwewe, anaogopa kurudishwa kijijini. Nikaweka mkono kifuani kumwahidi.

Mtoto aliitwa Elena. Wiki tatu baadaye Desi alinikaribisha jikoni kwake, akanikatia banitsa, ule mkate wao wa matabaka membamba na jibini ndani, bado wa moto, unaunguza kaakaa. Stanka alikuwa sebuleni kwenye kiti cha dirishani, mikono chini ya aproni. Desi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Niambie kweli. Siku ile, yeye alimgusa?" Nikamwambia, "Hapana. Nilikuwa mimi peke yangu." Nilisema bila kukwama. Niliona nimefanya jambo zuri, nimetunza siri ya mzee. Desi akashusha pumzi. Akasema, "Nilijua." Sikumuuliza alijua nini. Katika daftari la siku ile nimeandika hivi: *Nimedanganya kwa ajili ya wema. Banitsa ilikuwa nzuri sana.* Kila nikiusoma mstari huo uso unanichoma, na sana sana ile sehemu ya pili.

Maana lazima niseme na hili: nilifaidi. Kila Ijumaa sahani ilishuka kutoka ghorofa ya tatu imefunikwa kitambaa, nami niliirudisha na sombe, majani yetu ya muhogo, au ndizi za kukaanga. Elena aliletwa kwangu Desi akienda kazini kwake dukani. Mimi ambaye sikuwa wa mtu yeyote katika nyumba ile, nikawa mtu wa mtu. Majira ya joto tulikuwa tunafungua madirisha yote, na kutoka juu nilimsikia Desi akimfundisha mtoto, "Ba-ba. Ba-ba." Nikacheka peke yangu: kumbe na wao wanaanza na baba, kama sisi. Nilidhani ni Plamen anayeitwa. Na nikipanda nilimkuta Stanka kwenye kile kiti, anamwangalia mjukuu kutoka mbali kama mtu anavyoangalia televisheni. Miezi kumi hakumbeba. Mara moja mtoto alimtambalia akamshika sketi, na Desi akamwondoa taratibu, kwa adabu, akisema kitu kitamu. Stanka hakuniangalia. Nilifikiri anafurahi kwamba siri yetu imekaa salama.

Januari Desi akanisimamisha kwenye ngazi akaniambia, "Jumamosi ni siku ya Baba kwetu. Lazima uje. Bila wewe haiwezekani." Nikaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kwa rafiki yangu Chantal, ambaye alikuwa na saluni ya kusuka, nimuulize zawadi gani inafaa. Nakumbuka joto la mle ndani, harufu ya mafuta ya nywele na ya samaki wa chumvi, wateja watatu wamekaa wanasikiliza kana kwamba wamelipia.

"Fête ya baba ni juin, yaya Feza," Chantal akasema, kitana mdomoni; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Hapa tuko janvier."

"Labda kwa bao iko janvier. Ni ba-orthodoxe."

"Bon. Na weye utapelekea bwana ya mwenyewe zawadi gani? Mbele ya bibi yake?" Kwetu bibi ni mke.

"Ni bibi yake njo amenialika!"

"Eh! Huyu bibi eko na roho nzuri, ama eko na macho mubaya." Wateja wakacheka. "Alors, peleka cravate. Cravate haina zambi. Hakuna mwanamuke anagombana juu ya cravate."

Kwa hiyo Jumamosi ile nilipanda ngazi na tai ya buluu yenye mistari, nimeifunga kwenye karatasi ya zawadi. Mlango ulipofunguliwa sikuona mwanamume hata mmoja. Walikuwa wanawake saba au wanane, Wabulgaria wa mitaa ya pale, wamevaa shanga za pilipili nyekundu zilizokaushwa na vitunguu saumu vilivyotungwa kwenye uzi. Mezani kulikuwa na kuku, mkate mkubwa wa duara, na chupa ya rakia, pombe yao kali ya matunda. Nikampa Desi kile kifurushi. "Cha Plamen," nikasema. "Kwa siku yake." Akafungua, akaangalia ile tai, akaniangalia mimi, na akaanza kucheka hata akakaa chini. Aliwatafsiria wenzake. Mmoja alipiga meza. Mwingine akanieleza, akifuta machozi: baba ni mkunga, leo ni siku yake, wanawake waliozaa wanakuja kumnawisha mikono iliyowapokelea watoto, na mwanamume akionekana anavuliwa suruali. "Plamen amekimbilia kituoni tangu asubuhi! Anaogopa!" Kisha yule mwanamke akaongeza, kwa wema tu, kwamba ambaye hajazaa huwa hakai kwenye karamu hii, ila mimi si kama wengine. Mimi ndiye baba.

Walinikalisha kwenye kiti cha katikati. Walinivika shanga za pilipili, na ile tai wakaniwekea shingoni juu yake, kwa kelele nyingi. Sijawahi kuchekwa kwa upendo namna ile, na sitakana: nilijiona malkia. Stanka alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Alikuwa amevaa kitambaa kipya cheupe kichwani. Huko kijijini, siku kama hii, wanawake walikuwa wanapanga mstari mlangoni kwake na ndoo na sabuni. Brussels hakuwa amempokelea mtu mtoto, kwa hesabu waliyoijua wao, na hakuna aliyekuja na sabuni yake.

Yule mwanamke mwenye chupa akapita akimimina. Akamuuliza mwenzake jambo, na mwenzake akatikisa kichwa, kushoto na kulia, huku ananyoosha glasi. Akamiminiwa. Nikashangaa kidogo. Akamuuliza wa pili: kushoto na kulia, na glasi mbele. Wa tatu akainua kidevu juu, kama sisi tunavyoitika, akafunika glasi kwa kiganja; huyo akarukwa. Nikamgusa Desi, ambaye alikuwa amezoea kutikisa kichwa kwa namna ya Brussels kwa sababu ya kazi yake dukani. Nikamuuliza, "Huyu amekubali au amekataa?" Akasema, "Ah! Sisi tuko kinyume. Hivi ni ndiyo." Na akatikisa kichwa polepole, kushoto na kulia.

Nikamkumbuka Stanka kwenye ukingo wa kitanda. Bado nilikuwa najaribu kujiambia kwamba labda mzee siku ile hakunielewa, wakati Desi aliposimama na birika la maji ya uvuguvugu, sabuni mpya na taulo mpya begani. Mmoja akashika beseni chini ya mikono yangu. Desi akasema kwa lugha yao, kisha kwa Kifaransa ili na mimi nifurahi, "Hii ndiyo mikono. Mama mkwe wangu mpaka leo anadai ilikuwa yake! Tangu wiki ya kwanza. Kila mwaka ukipita, watoto aliowapokea wanaongezeka." Wakacheka, si kwa ubaya. Stanka aliangalia sakafu. Nikaelewa yote. Alikuwa amesema kweli ndani ya nyumba yake, na kwa sababu yangu, kwa neno langu moja lililosemwa juu ya sahani ya banitsa, alikuwa amefanywa mwongo miezi kumi.

Nataka niwe mkweli juu ya muda uliopita hapo. Haukuwa mfupi. Maji yalikuwa yameshaanza kuinama kwenye mdomo wa birika. Niliwaza kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua, mzee amezoea. Niliwaza kwamba nikisema, katika chumba kile mimi ni nani? Mwanamke ambaye hajazaa, na hajapokea. Nikaondoa mikono.

Desi akadhani naona haya. Akaifuata na birika. Nikasema, "Si mimi." Akacheka. Nikatafuta neno la kitovu kwa Kifaransa na sikuwa nalo. Sijawahi kulihitaji katika kusafisha ofisi. Basi nikaishika ile tai, nikaizungusha shingoni mara moja, nikaikaza mpaka sauti ikabadilika. Nikasema, "Elena. Hivi." Kicheko kikafa. Nikanyoosha mikono yangu miwili hewani na kuiacha imeganda, wakaiona. Kisha nikaenda dirishani, nikapiga magoti mbele ya Stanka, nikachukua mikono yake kutoka chini ya aproni, nikaiweka kwenye tai. Hakuhitaji kuelezwa. Alipitisha vidole viwili kati ya kitambaa na koo langu, akalegeza, akaivusha juu ya kichwa changu, pilipili na yote, akitetemeka. "Taka, taka," akasema.

Desi aliweka birika mezani. Nilimwambia lililobaki: kichwa kilivyotikiswa, nilivyoelewa, nilivyojibu jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilikuuliza. Nilikuuliza wewe kwa sababu yeye sikumwamini." Mtu anaweza kusema lilikuwa kosa la kichwa na shingo, la Likasi na Bulgaria. Lakini kichwa kilitikiswa mara moja tu, na mimi nilikuwa na miezi kumi ya kumuuliza tena.

Hakunifukuza. Alichukua birika, akahama na beseni mpaka dirishani, akapiga magoti pale nilipokuwa. Akamimina. Mikono ya Stanka ikarusha maji kila upande, juu ya pazia, juu ya nywele za Desi, na mzee akasema kitu kilichowafanya wote wacheke na kulia kwa pamoja. Baadaye niliuliza alisema nini. Alisema, "Sasa angalau mnajua kwa nini watoto wangu wote walizaliwa wamelowa." Wanawake wakamvika shanga zangu za pilipili, wakapanga mstari. Hata wale aliowapokelea mtoto mtu mwingine huko Plovdiv au Varna, walimnawisha yeye, kila mmoja kwa zamu. Mimi nilishika taulo.

Kuna desturi moja ya mwisho. Baba anawainua watoto juu mara tatu ili wakue warefu na wenye afya. Desi alimtoa Elena kitandani, akasimama naye mbele ya mama mkwe wake, bado hajamwachia. Alinitazama mimi. Kwa macho yale nilielewa ananiambia nini, ingawa Februari yote na Machi yote hakunisemesha zaidi ya bonjour, na sahani za Ijumaa zilirudi tu baada ya Pasaka. Nikaenda nikasimama karibu na Stanka, nimekunja magoti kidogo, mikono yangu imefunguka chini ya mtoto.

Akamwinua mara ya kwanza. Elena, kwa kule kutikiswatikiswa, akaanza kucheka. Mara ya pili alimwinua juu zaidi. Mara ya tatu pilipili zilizoning'inia shingoni mwa Stanka zikamgusa mtoto puani, akapiga chafya, na mzee akamshusha taratibu mpaka kifuani kwake, akamfunika kwa mikono yote miwili, akabaki hivyo. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha yangu. Ilikuwa mikavu, na haikuhitajika. Nikairudisha.